Mikono Inayojua Kusokota

Msikilizaji, ingia saluni yoyote ya Ruiru Jumamosi mchana. Msusi amesimama nyuma ya mteja, anapiga soga na jirani yake, macho yako kwenye televisheni. Vidole ndivyo vilivyo kazini. Anagawa nywele mafungu mawili, anasokota kila fungu kuelekea kulia mpaka likaze, kisha anayazungusha yote mawili pamoja kuelekea kushoto. Akiachia, msokoto unakaa. Kila fungu linataka kujifungua, na huko kutaka kujifungua ndiko kunakozidi kuyakaza pamoja. Mteja atalala nayo, atapanda nayo matatu, atakwenda nayo kanisani wiki tatu au nne, na hayatafumuka.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoshika kamba ya katani, kamba ya jahazi na uzi wa sweta. Kwa hiyo msusi wa Ruiru ni msokota uzi, ila hajapewa sufu.

Kabla yake alikuwapo cucu, yaani bibi. Katika vijiji vya Gatanga na Gatundu, na kuvuka hadi Ukambani, wanawake walisokota uzi wa kiondo juu ya paja. Nyuzi mbili zinalazwa pajani, kiganja kinazisukuma mbele, kinazivuta nyuma, na papo hapo unatoka uzi mmoja uliofungamana. Zamani nyuzi hizo zilichunwa kwenye magome ya vichaka kama mugio. Mashamba makubwa ya mkonge yalipofunguliwa upande wa Makuyu mwanzoni mwa karne ya 20, katani ikashika nafasi. Baadaye kina mama wakaingiza uzi wa rangi wa dukani, na viondo vikapata mistari myekundu, ya samawati na ya zambarau. Malighafi ilibadilika mara mbili. Kiganja kilibaki kile kile.

Mazungumzo ya leo yanahusu malighafi ya nne: manyoya ya kondoo, yakiwa bado na mafuta, vumbi na nyasi alizolalia mnyama, yanayosokotwa kwa mkono mpaka yawe uzi, na uzi huo kufumwa uwe kofia, soksi au sweta. Ni kazi ya polepole. Wanaoifanya hawaipendi licha ya upolepole wake. Wanaipenda kwa sababu yake.

Thika na Ruiru si miji migeni kwa uzi. Thika Cloth Mills ilianzishwa mwaka 1958, na hadi leo husokota pamba na kufuma vitambaa. Ruiru kuna Spinners & Spinners, kiwanda kinachojulikana kwa blanketi, shuka na nyuzi za kufumia. Miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na mitumba ikamiminika, viwanda vingi vya nguo nchini vilifunga milango, Kicomi ya Kisumu ikiwamo. Ukanda huu wa barabara ya Thika haukukatika uzi kabisa.

Lakini uzi mwingi anaoununua fundi wa sweta katika soko la Jamhuri au Makongeni ni akriliki, zao la mafuta ya petroli. Dukani watu huuita sufu, wengine husema wuli, ingawa hakuna kondoo aliyenyolewa. Tusiudharau. Akriliki ni nafuu, rangi zake ni kali, na sweta ya shule ikitupwa kwenye ndoo ya sabuni ya unga na kufikichwa na mtoto wa darasa la tano, hutoka salama. Fundi mwenye mashine ya kufumia hawezi kuishi bila uzi huo mwezi wa Januari, wazazi wanapopanga foleni.

Ukitaka kujua ulichonacho mkononi, washa kiberiti. Kata kipande kidogo cha uzi, kishike kwa kibano juu ya sahani ya bati, ukiunguze ncha. Akriliki huwaka kwa pupa, huyeyuka, na huacha tone gumu jeusi. Sufu hujivuta mbali na moto, huungua kwa uvivu, huzima yenyewe moto ukiondolewa, na hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Jivu lake husagika kati ya vidole. Harufu hiyo haishangazi, maana sufu na nywele zetu zimejengwa kwa protini moja, keratini.

Sasa, hiyo sufu yenyewe iko wapi? Haiko Thika. Kondoo wengi wanaoonekana wakilishwa kando ya barabara huku chini ni wa Kimaasai wekundu, Dorper, au machotara wao. Hao wanafugwa kwa nyama. Mwili wao una nywele fupi, si sufu ya kusokota. Kondoo wa sufu wanataka baridi. Wako Nyandarua, Molo na miteremko ya Mlima Kenya: Corriedale, Merino, Romney na Hampshire. Corriedale, aliyezalishwa New Zealand karne ya 19 kwa kumchanganya Merino na Lincoln, ndiye rafiki wa anayeanza, kwa kuwa sufu yake ni ndefu ya kutosha kushikika na laini ya kutosha kuvaliwa shingoni.

Kondoo hao walikuja na walowezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Lord Delamere alileta Merino huko Njoro akawachanganya na kondoo wa Kimaasai, na maradhi yakamwonyesha cha mtema kuni kabla ufugaji haujasimama. Baada ya uhuru, mashamba ya Nyandarua yalipogawiwa, kondoo wa sufu wakaingia mikononi mwa wakulima wadogo.

Na Nyandarua si mbali na Thika. Barabara ya kwenda Magumu hupanda kupitia Kamwangi, hukata msitu wa Kieni, na baridi huanza kukung'ata masikio kabla hujafika. Ukiendelea kidogo utafika Njabini, Kinangop Kusini, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hapo jirani ndipo lilipo bwawa la Sasumua, ambalo mkondo wake humwaga maji katika mto Chania. Chania huo ndio unaoporomoka kwenye maporomoko ya Chania mjini Thika, pale Blue Posts, hoteli iliyokuwapo tangu 1908. Maji na sufu vinashuka kutoka mlima mmoja. Tofauti ni kwamba maji hufika yenyewe.

Tuseme basi umepata manyoya ya kondoo mmoja, kilo mbili au tatu, ndani ya gunia la viazi. Ukilifungua, pua ndiyo ya kwanza kupokea habari. Ni harufu ya zizi, lakini chini yake kuna kitu kizito na kitamu kidogo, kama nta. Hiyo ni lanolini, mafuta ya ngozi ya kondoo, yale yale yanayotiwa kwenye mafuta ya midomo na ya kupaka watoto. Shika sufu kwa dakika kumi, viganja vyako vitang'aa na kulainika kuliko ulivyokuja navyo.

Tandaza manyoya juu ya turubai. Kondoo aliyenyolewa vizuri huacha vazi zima, kama koti lililovuliwa kwa mkupuo mmoja, na unaweza kuona mabega yalikuwa wapi na mkia ulikuwa wapi. Chambua. Sufu ya mabegani na ubavuni ndiyo bora. Ya tumboni na ya nyuma ya mapaja huwa fupi, ngumu au yenye kinyesi. Hiyo iwekee migomba au kahawa, itaoza na kuwa mbolea. Chomoa kishungi kimoja, ukinyooshe kwenye mwanga. Utaona mawimbi madogo madogo toka shina hadi ncha. Mawimbi hayo ndiyo hunasa hewa, na hewa iliyonaswa ndiyo joto.

Kuosha kunataka subira, tena hapa ndipo wengi huharibu. Maji yawe ya moto sana, ambayo mkono hauwezi kukaa ndani, ndipo mafuta yayeyuke. Sabuni ya maji ya vyombo inatosha. Sufu izamishwe polepole na iachwe. Usiifikiche, usiikamue kama shuka, usifungulie mfereji juu yake, wala usiitoe kwenye maji moto ukaitia kwenye maji baridi. Kila unywele wa sufu una magamba madogo kama ya samaki. Ukiyasumbua kwenye joto na sabuni, yanashikana na hayaachani tena, na unabaki na kitu kama kipande cha zulia. Maji ya kwanza hutoka rangi ya chai ya maziwa. Ya tatu au ya nne huwa maangavu. Sufu ikikauka kivulini, usishangae mizani ikisema imepungua theluthi au hata nusu: kilichokwenda ni mafuta, jasho na udongo wa Kinangop.

Kisha inachanwa. Wanaofanya biashara wana brashi maalumu zenye meno ya waya. Anayeanza anaweza kutumia brashi mbili za kuchania mbwa. Sufu inawekwa kwenye brashi moja, nyingine inaivuta, mara tano, mara sita, mpaka nyuzi zote zisambae sawasawa. Inakunjwa iwe kibunda kirefu, chepesi, unene wa ndizi. Ukiweka kibunda hicho shavuni utajua kwa nini watoto hawakubali kukirudisha.

Na sasa pia. Hilo ndilo jina la chombo: kijiti chenye kisahani chini, kinachozungushwa kama ile pia ya watoto. Waliowahi kusikiliza Mithali sura ya 31 ikisomwa kanisani siku ya kina mama wamelisikia neno hilo pengine bila kulitazama mara mbili. Yule mke hodari anayesifiwa pale ni msokota sufu. Pwani yetu nayo inaijua pia tangu kale. Wachimbuaji wa mambo ya kale walipofukua magofu ya Kilwa walikuta visahani vidogo vya vigae vilivyotobolewa katikati, uzito wa kusokotea pamba. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipopita Mogadishu, aliandika juu ya nguo zilizofumwa huko na kupelekwa hadi Misri. Mji wa Waswahili wa zamani ulikuwa na sauti ya pia ikigonga sakafu.

Katika Thika ya leo unaweza kutengeneza pia kwa kijiti kilichonyooka, santuri ya sidii isiyocheza tena, na kipande cha mpira wa kuibana isiteleze. Juu ya kijiti weka ndoana ndogo ya waya. Gharama yake haifiki nauli ya kwenda Nairobi.

Ukianza, fanya hivi. Funga uzi wa kuanzia kwenye kijiti, uunganishe na ncha ya sufu, uzungushe pia kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto unavuta sufu kidogo kidogo, usiache msokoto upande mpaka uwe tayari. Uzi unajitunga kati ya mikono miwili, hewani, na pia inashuka kuelekea sakafuni. Hapo ndipo uzi unakatika. Pia inaanguka, inabingirika chini ya kochi, na wewe unaifuata kwa magoti. Mara ya kumi haianguki.

Uzi wa kwanza wa kila mtu ni kama nyoka aliyemeza panya kadhaa: hapa mnene, pale mwembamba kama unywele. Sababu yake inajulikana. Msokoto hukimbilia penye wembamba na kupakaza, na kupaacha penye unene palegee. Dawa si kuongeza nguvu. Ni kurudi mahali penye unene, kupafungua kidogo kwa vidole, kupavuta taratibu, na kuacha msokoto uingie. Siku moja vidole vinaanza kuhisi unene kabla macho hayajaona, na mtu anagundua kwamba nusu saa imepita bila kushika simu.

Uzi mmoja peke yake hujipinda. Kwa hiyo zinasokotwa mbili, kisha zinaunganishwa kwa kuzungushwa upande wa pili, kama msusi wetu wa Ruiru alivyofanya. Uzi unazamishwa kwenye maji ya vuguvugu, unatungikwa ukauke, na msokoto unatulia.

Hesabu yake inataka moyo. Sweta ya mtu mzima hula takriban mita 1,000 za uzi wa nyuzi mbili. Hiyo ni mita 2,000 za uzi mmoja mmoja uliopita katikati ya vidole, kabla ya kuunganishwa na kabla ya kitanzi cha kwanza kufumwa. Kutoka Thika hadi Ruiru ni karibu kilomita 20. Aliyesokota sweta kumi amesokota uzi wa kutosha kuitandaza barabara hiyo.

Ndiyo maana wanaosokota kwa riziki huacha pia wakaenda kwenye gurudumu la kukanyaga kwa mguu. Kikundi cha Nanyuki Spinners and Weavers, kilichoanza mwaka 1977, kimewapa wanawake wengi wa huko kipato kwa kusokota sufu na kufuma mazulia. Njoro, kule kule Delamere alikohangaika na Merino wake, Kenana Knitters ilianza mwaka 1998. Kina mama husokota sufu, huitia rangi, na hufuma wanasesere wa wanyama wanaouzwa hadi ng'ambo. Mama anaweza kusokotea nyumbani, ng'ombe wakiwa wamekamuliwa na chungu cha githeri kikiwa jikoni. Hilo si jambo dogo kwa mtu asiyeweza kuondoka nyumbani siku nzima.

Rangi ni mchezo mwingine, na hapa Kiambu ina bahati. Maganda ya vitunguu vyekundu yakichemshwa hutoa dhahabu na hudhurungi. Mubangi, lile gugu lenye harufu kali ambalo kila mkulima wa mahindi amelilaani, hutoa manjano ya kukolea. Maganda na kokwa za parachichi, ambazo msimu wake ukifika hujaa kwenye kila jaa, hutoa rangi ya waridi. Wengi hawaamini mpaka waone sufuria. Kahawa hutoa kahawia, na Ruiru yenye kituo cha utafiti wa zao hilo haiwezi kukosa punje mbovu. Rangi nyingi hushika vizuri zaidi sufu ikichemshiwa kwanza kwenye maji yenye shabu kidogo.

Kufuma kwenyewe ni eneo ambalo Wakenya wengi wana kumbukumbu nalo. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliwafundisha watoto sayansikimu na sanaa, na kizazi kizima, wavulana kwa wasichana, kilifuma kwa spoki za baiskeli au vijiti vilivyochongwa kwa wembe. Wapo wazee wa leo wenye matumbo na vyeo ambao waliwahi kufuma soksi ya mtoto mchanga ili wapate alama. Mishono ya msingi ni miwili tu, wa mbele na wa nyuma; kila sweta unayoiona ni mpangilio wa hiyo miwili.

Wakirudi kwenye sindano na uzi wa kusokotwa kwa mkono, wanakuta tofauti. Akriliki huteleza, kitanzi kikidondoka kinakimbia safu tano chini. Sufu ina magamba, kitanzi hukaa kikisubiri. Na nguo ikivaliwa asubuhi ya Julai, ile ya ukungu na manyunyu yasiyoisha, sufu inaweza kunywa unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kuwa imelowa. Makanga anayening'inia mlangoni mwa matatu saa kumi na moja alfajiri angeielewa nguo hiyo kuliko mtu yeyote.

Je, inalipa? Tuseme ukweli. Kofia ya kusokota kwa mkono haiwezi kushindana kwa bei na kofia ya mtumba, wala sweta yake na ya shule. Anayehesabu saa zake kwa kipimo cha kibarua cha kiwandani atakata tamaa kabla ya kola. Mauzo yapo kwa wageni, kwa maduka ya zawadi na ng'ambo, na yanahitaji kikundi, ubora usiobadilika na mtu wa kutafuta soko. Lakini wengi wanaoshika pia hawakuanza kwa ajili ya soko. Walitaka kitu kimoja ambacho wanakijua mwanzo hadi mwisho, toka mgongoni mwa kondoo hadi mgongoni mwa mtoto wao.

Kule juu mlimani, bei ya sufu imekuwa duni kiasi kwamba kwa wafugaji wadogo wengi kunyoa ni gharama tu ya kumwondolea mnyama joto, na manyoya hayana mnunuzi. Chini huku kuna saluni zenye vidole hodari, kina cucu wenye viganja vinavyokumbuka katani, na watu wazima waliofaulu mtihani wa kufuma kwa spoki. Kilichopo kati yao ni safari ya matatu isiyozidi nusu siku.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukipanda upande wa Magumu au Njabini msimu wa kunyoa, muulize mfugaji manyoya ambayo hayajaoshwa. Mwambie unataka ya mabegani na ubavuni, si ya tumboni, na yasiwe yamelowa mvua. Nusu kilo inatosha kuanza. Itakupa kofia, na sufu ya kutosha kukosea.